Mgonjwa wa Uongo Namba Tisa

Niseme mapema, nisije nikaonekana mtu mwema kuliko nilivyokuwa: nilimwonea wivu mwanamke aliyekuja kunisaidia. Wivu wa mapenzi ungekuwa afadhali, huo watu huuelewa. Wangu ulikuwa wivu wa kazi. Mimi nilikuwa na diploma ya kompyuta yenye muhuri, yeye aliachia kidato cha pili. Mimi niliandika programu, yeye aliisoma tu. Na bado kila nikikumbuka miaka ile namwona yeye mbele, na mimi niko nyuma yake nimekunja uso.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja Kisumu Ndogo, Kibera, ubavuni mwa kanisa na mkabala na baa, hivyo Jumapili nilisikia nyimbo kutoka pande zote mbili. Kazi yangu ya mshahara ilikuwa kufundisha kompyuta kwenye kachuo kamoja huko tao, katikati ya jiji. Siku nilizokuwa huru nilijitolea kwenye zahanati ya kanisa pale mtaani. Walikuwa wamepewa kompyuta kuukuu na printa ya kelele, na hakuna aliyejua kuvitumia. Nesi mkuu, ambaye sote tulimwita sista, aliniita siku moja akasema, "Si wewe ni mtu wa kompyuta? Hii kitu imekaa hapa kama kabati. Ipatie kazi."

Kazi ikapatikana upande wa wagonjwa wa TB. Dawa zile humezwa kwa miezi mingi. Mtu akimeza mwezi mmoja, kikohozi kinapungua, nguo zinaanza kumkaa tena, basi anajiambia amepona na anaacha. Akiachia katikati, ugonjwa unarudi na kichwa kigumu, na dawa za kwanza huenda zisiuweze. Sista alikuwa na daftari la majina yote, lakini kulipekua kila wiki kutafuta nani hajarudi kulimla siku nzima, na wagonjwa wengine wamejipanga nje wanamngoja.

Basi nikaandika programu. Kila mgonjwa aliingizwa pamoja na tarehe yake ya kurudi kuchukua dawa. Jumatatu asubuhi kompyuta iliangalia nani amepitisha tarehe, printa ikanguruma, na orodha ikatoka kwenye ile karatasi ndefu yenye vitobo pembeni. Mhudumu wa kujitolea, mama mmoja asiyejua kuchoka, aliichukua akaingia nayo vichochoroni. Huko kwetu nyumba hazina namba. Tuliandika "nyuma ya kinyozi, mlango wa tatu, ulizia kwa wa mandazi," naye alimpata mtu. Ambaye jina lake lilitoka kwenye karatasi alitafutwa mpaka akapatikana. Ambaye jina lake halikutoka, hakuna aliyeinua mguu kwa ajili yake.

Watu wakaizoea. "Usipoenda kliniki karatasi itakufuata," walitaniana kwenye foleni ya maji. Nilipita pale na mtungi wangu nikisikia, kifua kinanijaa, na sikumwambia mtu kwamba karatasi hiyo ni yangu. Nilingoja waniulize.

Wakati huohuo nilikuwa nimeanza kusoma imeli kwenye saiba moja mjini, duka la kulipia intaneti. Huko nikawakuta watu wasiojuana kabisa, mmoja yuko huku na mwingine ng'ambo, wanaandika programu na kuziacha wazi. Yeyote aliruhusiwa kuichukua bure, kusoma kila mstari ulivyoandikwa, kuijaribu, kisha kumwandikia mwenyewe na kumwambia hapa umekosea. Na mwenyewe alisema asante! Hiyo ndiyo waliita programu huria. Manze, ilinishika kama mtu aliyeokoka jana. Nikaiweka yangu wazi pia huko mtandaoni. Nikaiandika kwenye disketi, nikaifunga kwa karatasi ya nailoni vumbi lisiiguse, nikatembea nayo kutoka Kibera, nikavuka Ngong Road, nikapitia Dagoretti Corner mpaka Kawangware, kwenye zahanati ndogo iliyokuwa karibu na kituo cha matatu za 46. Hao nao walikuwa na kompyuta na wagonjwa kama wetu. Nikawapa bure. Nikawaambia shukrani ninayotaka ni moja tu: waisome, waijaribu, waniambie palipo na makosa.

Nilianzisha hata kikundi. Jumamosi mchana, zahanati ya Kawangware ikishafunga, tulikaa watu sita au saba kwenye mabenchi ya wagonjwa. Kulikuwa na wanafunzi wangu wawili wa chuo, fundi wa redio, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, na yeyote aliyependa. Nilichapisha programu nzima kwenye karatasi nikawagawia mafungu. Ukutani nikabandika tangazo: SOMA. JARIBU. SEMA. Nikawahubiria kwamba mwandishi hawezi kuona makosa yake mwenyewe, kwamba kuambiwa umekosea ni zawadi, kwamba mwenye kiburi asijiunge nasi. Nilisema hayo mimi, kwa mdomo huu.

Hakuna aliyesoma. Walikunywa soda, wakapiga soga, wakasema, "Iko poa, buda. Iko sawa tu." Nikawaka. "Mnakuja hapa kufanya nini? Sawa si jibu! Nitafutieni makosa!" Wakacheka, wakaniita mwalimu wa zamu.

Jumamosi ya nne au ya tano, karani wa mapokezi wa zahanati ile alibaki badala ya kwenda nyumbani. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mtu wa mkoa wa Magharibi, mpole wa sauti, mwenye sweta ya kijani aliyoivaa jua liwake lisiwake. Kabla ya kupata kazi ya mapokezi alikuwa amefanya kazi za nyumba kwa matajiri wa ng'ambo ya barabara kwa miaka sita, huku akijifunza taipu siku zake za mapumziko. Alikaa mwisho wa benchi na daftari la kurasa tisini na sita mapajani.

"Ndugu," akaniambia, "mimi si mtu wa kompyuta. Lakini ulisema yeyote."

"Yeyote kabisa, dada. Karibu."

"Basi nilisoma zile karatasi. Zenye sikuelewa nikazipigia mstari. Zenye nilielewa nikazijaribu." Akafungua daftari. "Ukiweka tarehe thelathini na moja mwezi wa pili, inakubali. Na ukiandika mahali mtu anakaa kama ni marefu, inakata. Sasa huyu mgonjwa ameandikwa 'nyuma ya choo cha', halafu basi. Choo cha nani?"

Fundi wa redio alicheka mpaka soda ikamtoka puani. Mimi nilicheka pia. Nikasema, "Safi sana! Mnaona? Hii ndiyo nilikuwa nawaambia!" Nikapiga makofi na wengine wakapiga. Lakini humu ndani kuna kitu kilinichoma kidogo, hapa chini ya mbavu, na niliporudi Kibera kwa miguu nilikuwa nikijibizana naye peke yangu barabarani. Choo cha nani! Wewe nani wa kuniuliza choo cha nani?

Jumamosi iliyofuata alikuja na mengine matatu. Iliyofuata, matano. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu yeyote wa chuo. Alitunga wagonjwa wa uongo, akawapa namba na maisha. Namba moja alikuwa mzee asiyejua amezaliwa lini. Namba tatu alikuwa mama mwenye vyumba viwili, kimoja Kawangware na kingine Kangemi, analala anapotaka. Namba sita alikuwa mlevi aliyetaja jina tofauti kila alipokuja. Aliwaingiza wote kwenye kompyuta, mmoja mmoja, kisha akawafuatilia kwenye daftari lake kuona programu inawafanyia nini. Mwalimu alimuuliza amefundishwa wapi hayo.

"Sijafundishwa," akasema. "Nimefagia nyumba za watu. Katikati ya chumba kila mtu hufagia. Mama mwenye nyumba akirudi anainua kochi."

Watu wakampenda, wacha tu. Wale waliokuwa wanakuja kunywa soda wakaanza kubeba madaftari. Wanafunzi wangu, wangu mimi, waliotakiwa kuniiga mimi, wakaanza kutunga wagonjwa wa uongo na kushindana nani ana mgonjwa mkorofi zaidi. Waliingia wakiuliza, "Siste amefika?" wakimaanisha yeye, kabla hata hawajanisalimia. Kikundi changu kikawa kile hasa nilichokuwa nimekililia, na nilikichukia. Nilikuwa nimekaa pale nikitabasamu kwa meno tu, nikihesabu mara ngapi wamemtaja yeye na mara ngapi wamenitaja mimi.

Kilichonimaliza ni imeli. Yeye hakuwa na anwani ya imeli, kwa hiyo makosa aliyoyapata niliyapeleka mimi saiba na kuyaandikia wale watu wa ng'ambo waliokuwa wakiifuata programu yetu. Mara ya kwanza niliandika "tumegundua." Tumegundua, mimi na nani? Nilijua nilichokuwa nafanya. Mara ya pili fundi wa redio alikuwa amekaa kando yangu akisoma skrini, nikashindwa kukwepa, nikaandika kwamba mjaribu wetu wa Kawangware ndiye aliyeyapata. Miezi yote niliyoandika habari za programu yangu, nilivyoipanga, nilivyoifanya iwe nyepesi kwa kompyuta kuukuu, hakuna aliyenijibu zaidi ya mstari mmoja. Safari hii majibu yalikuja manne. Wote walimtaka yeye. Anafanyaje kazi? Anaweza kuwaeleza wengine? Mmoja akaandika kwamba miradi mingi ina waandishi wa kutosha, wanaokosekana ni watu kama huyo. Fundi akanipiga bega. "Cheki, buda! Siste ameenda majuu bila viza!"

Nilimpelekea zile imeli zimechapishwa. Sikuwa na la kufanya. Alizisoma polepole, akazikunja mara nne, akaziweka ndani ya daftari. "Asante kwa kunibebea," akasema. Basi. Hata kuringa hakuringa. Angeringa kidogo tu ningepata pa kumshikia.

Desemba ikafika, na Desemba mnajua ilivyo. Kisumu Ndogo ilikuwa ikibaki mahame. Waliotoka ziwani walirudi ziwani, waliotoka Magharibi walirudi Magharibi, na mtu akiwa na msiba aliunganisha mazishi na Krismasi. Kwenye programu nilikuwa nimeliwazia jambo hilo mapema, tena nilijivunia. Mgonjwa akija kuaga kwamba anaenda ushago, kijijini kwao, sista alimpa dawa za kutosha, akabonyeza herufi S mbele ya jina lake, yaani yuko safarini. Mwenye S hakuingia kwenye orodha ya Jumatatu. Kumtafuta wa nini, na hayuko? Kwetu sisi mtu akisema ameenda nyumbani, tena kwenye matanga, mjadala umeisha. Yuko mikononi mwa watu wake. Hata mwajiri mkali hufunga mdomo hapo. Mstari huo niliuandika bila kufikiri mara mbili, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Desemba ile niliwawekea S wengine kwa mkono wangu mwenyewe, sista akiwa na foleni. Mmoja wao alikuwa mama aliyeuza omena, dagaa wa ziwani, karibu na reli. Alikuwa anaenda kumzika kaka yake. Alikuwa katikati ya dozi, mashavu yameanza kurudi, na aliniambia nisiisahau tarehe yake.

Jumamosi ya kwanza tuliyokutana mwezi wa kwanza, dada wa Kawangware alifungua daftari lake mbele ya wote.

"Nina swali kuhusu mgonjwa wangu namba tisa," akasema. "Huyu ameenda kuzika baba yake. Nikamwekea S. Halafu nikasukuma tarehe ya kompyuta mbele. Mwezi mmoja, kimya. Mwaka mmoja, kimya. Sasa ako matanga miaka minne na hakuna mtu anamtafuta."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Akirudi kliniki, sista atamtoa S," nikasema.

"Akirudi kliniki, ndiyo. Asiporudi?"

"Asiporudi ni kwamba bado yuko nyumbani."

"Ama amerudi Nairobi na hajakuja. Huyo si ndiye tunamtafuta, ndugu? Karatasi ni ya wale hawajakuja."

Nilijua. Hapohapo nilijua. Nikaanza kubwabwaja. Nikasema mambo ya safari ni ya sista, si ya programu. Nikasema yeye haelewi mila za watu wa kwetu, mtu wa ziwani hatoki kwenye matanga mbio mbio. Akaniangalia.

"Mama yangu alipokufa nilipewa siku tatu," akasema, kwa ile sauti yake ya chini. "Nilirudi siku ya nne asubuhi, nikakuta msichana mwingine amevaa aproni yangu. Watu wanarudi, ndugu. Kuna kazi."

Mwalimu akainamisha kichwa. Nikaona jinsi wanavyomtazama, nikaona kwamba hakuna hata mmoja anayenitazama mimi. Nikanyoosha mkono. "Nipe hiyo karatasi. Nitaliangalia." Akachana ukurasa kwa uangalifu, akanipa. Alikuwa ameandika hata marekebisho: S iishe yenyewe siku ya tarehe ya kurudi ikifika, jina litoke kama ya wengine. Mstari mmoja. Niliukunja nikautia mfuko wa shati, na nilipofika nyumbani nikautumbukiza chini ya godoro.

Kwa nini? Nimejiuliza sana. Makosa mengine yote aliyoyapata niliyarekebisha, hata kama nilinuna. Lakini hayo yalikuwa makosa ya vidole. Hili lilikuwa kosa la kichwa changu, la mahali nilipojiona nawajua watu wangu kuliko kitabu chochote, na lilikuwa limeonwa na aliyefagia nyumba. Nikajiambia nitalirekebisha wiki ijayo. Wiki ijayo nikaanza kutengeneza skrini mpya yenye rangi, na jina langu juu kwa herufi kubwa. Nikatoa disketi mpya bila marekebisho yake. Aliijaribu siku hiyohiyo.

"Namba tisa bado yuko matanga," akaniambia akinisindikiza mlangoni. Hakusema mbele ya watu.

"Niko na mambo mengi, dada."

"Kwetu hapa Kawangware nimewatoa S wote kwa mkono, nikawatafuta. Huko kwenu je?"

"Huko kwetu niachie mimi."

Ningeweza kufanya kama yeye. Majina yenye S Kibera hayakufika kumi na tano. Ningeweza hata kutembea tu mpaka kwenye reli, dakika saba kutoka mlangoni kwangu, nikaangalia kama yule mama wa omena amerudi kwenye meza yake. Sikuenda. Nilipotaka mboga nilizunguka njia ya juu. Maana kama yuko pale, basi dada wa Kawangware alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa namwombea awe amekosea. Nilikuwa namwombea, aki, kama mtu anavyoomba mvua. Hivyo ndivyo mwezi wa pili ulivyopita, na nusu ya mwezi wa tatu.

Sista ndiye aliyempata. Alikuwa amekwenda kumwona mama aliyejifungua upande wa reli, akasikia kikohozi nyuma ya rundo la omena, akageuka. Alimleta zahanati amemshika mkono. Nilikuwa kwenye kompyuta walipoingia. Sikumtambua mara moja. Mashavu yale yaliyokuwa yamerudi yalikuwa yamekwenda tena, na leso aliyojifunika ilikuwa kama imetundikwa kwenye msumari.

"Ulirudi lini kutoka ushago?" sista akamuuliza.

"Mwezi wa kwanza, sista. Kabla shule hazijafunguliwa."

"Na dawa?"

"Zilikwisha."

"Mbona hukuja sasa? Haiya! Si unajua unatakiwa kuja?"

Mama akashangaa kweli. "Nilingoja karatasi," akasema. "Watu wengine wote wakikosa siku mbili, karatasi inawafuata. Jirani yangu ilimfuata mpaka kwa mkwe wake. Mimi haikuja wiki moja, haikuja ya pili. Nikasema basi, nimepona. Wameniondoa."

Sista akanigeukia. Aliniangalia, halafu akaenda kutafuta kikopo cha makohozi. Nikabaki na kibodi. Nikafungua programu, nikaenda kwenye mstari ule, nikaandika yale yaliyokuwa kwenye karatasi ya chini ya godoro. Sikuhitaji kwenda kuichukua, nilikuwa nayajua kwa moyo tangu siku ile. Hayakuchukua hata dakika tano. Nikabonyeza, printa ikanguruma, yakatoka majina tisa ambayo hayajawahi kutoka. Mhudumu wetu akaichukua karatasi akatoka nayo. Wanane aliwapata, wao au habari zao, wiki hiyohiyo. Wengine walikuwa bado ushago kweli, wengine walikuwa wamerudi wakakosa siku chache tu, wakaendelea na dawa zao.

Wa tisa ndiye aliyekuwa amekaa pale kwenye benchi. Majibu ya makohozi yalipotoka, ilibidi aanze upya kutoka siku ya kwanza, safari hii na sindano. Sindano kila siku, miezi miwili, na baada yake vidonge vya miezi mingine. Meza ya omena aliiacha, hangeweza kuwahi samaki asubuhi na huku anawahi sindano. Alikuja kila siku akitembea polepole, akishika ukuta, akakaa upande mmoja kwa sababu upande wa pili ulikuwa unamuuma.

Kuna siku moja, wiki ya pili au ya tatu ya sindano zile, dada wa Kawangware alikuja Kibera kuchukua disketi yenye marekebisho. Alikuwa amesikia kila kitu, Nairobi habari hazilali. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yake tangu asubuhi. Nilitamani anitukane. Nilikuwa na majibu. Lakini alinisalimia vizuri, akaingiza mgonjwa namba tisa kwenye kompyuta yetu, akasukuma tarehe, akaona jina linatoka, akaandika kwenye daftari lake: sawa. Kisha akasimama mlangoni akifunga disketi kwa nailoni.

Mama wa omena alikuwa kwenye benchi akingoja zamu yake. Akaniita. Hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa anataka tu kuelewa, kama mtu anayeuliza njia.

"Mwanangu, wewe ndiye wa hiyo mashine. Hebu niambie ukweli. Kompyuta huwa inasahau?"

Dada aliacha kufunga ile disketi. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Alikuwa na ukurasa mwingine, najua alikuwa nao, ule alioandikia siku aliyoniambia na kila siku aliyonikumbusha, kwa sababu hakuna kitu asichokiandika. Alingoja. Hakunijibia na hakunisaidia. Aliniachia mimi.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Wakati mwingine inasahau."

"Pole yake," mama akasema, akaitazama kompyuta kwa huruma kabisa. Sista akamwita ndani, akainuka akishika ukuta.

Nilipogeuka, dada wa Kawangware alikuwa ameshatoka. Kikundi kikaendelea miaka kadhaa bila mimi, nasikia, yeye akikiongoza. Niliacha kwenda. Leo yule mama hayuko duniani, kwa hiyo hakuna wa kumrudia nimwambie ukweli. Kila nikiikumbuka siku ile najua jambo moja: angeulizwa dada, angemwambia. Angekaa kando yake kwenye lile benchi amwambie ni mtu aliyesahau, tena kwa makusudi, tena jina lake hili hapa, na angeweza kumtazama usoni akimwambia. Hilo ndilo ninalomwonea wivu mpaka sasa.